Mtoto wangu Benyamini ni mashoto, bibi yake anasema jina linamkataa. Hili neno YAMIN lina maana gani hasa?

Baba Ben wa Kihonda
Wakuu salaam, naomba msaada kwa wanaojua Kiebrania na hata wasiojua ila wamelea mtoto mashoto. Dogo wangu anaitwa Benyamini, yuko darasa la kwanza, toka anaanza kushika kijiko anatumia kushoto, kalamu kushoto, mpira kushoto, kila kitu. Sisi nyumbani hatukuwa na shida nayo kabisa. Shida imekuja baada ya mama mkwe kuja kukaa na sisi, yeye ni mtu wa maombi sana, na kwenye grupu lao la WhatsApp kuna mtumishi kafundisha kwamba Benyamini ni "mwana wa mkono wa kuume", kwamba hiyo YAMIN ndo nguvu, kibali, baraka, yani kila kizuri kiko upande huo, na hata Amina tunayosemaga mwisho wa sala imetoka humohumo. Sasa bibi kaunganisha mwenyewe, anasema mtoto anaishi kinyume na jina lake, ama tubadili jina ama tubadili mkono. Juzi nimemkuta kamfunga dogo kitambaa mkono wa kushoto wakati wa kula, mtoto machozi yanamtoka na ugali umepoa. Mke wangu hataki kumkorofisha mama yake. Mwalimu wa darasa naye anasema abadili tu mapema.

Sasa, hilo neno lina maana gani hasa? Na naongeaje na mama mkwe bila kumvunjia heshima, maana mi ni mkwe, siwezi kusimama kubishana naye maandiko sebuleni.

Kiti cha Nyuma
Mkwe na mama mkwe na Biblia juu 😂 mi nakaa hapa nasoma komenti

Mwanachuo wa Torati
Mkuu pole. Nianze na neno, ya mama mkwe watakuja wenyewe.

Yamin (herufi zake za Kiebrania ni yod, mem, yod, nun) ni upande wa kuume au mkono wa kuume wenyewe. Mkono kwa ujumla, uwe wowote, ni yad, hilo ni neno lingine kabisa na watu wanayachanganya sana. Amina nayo haihusiani, ile inaanza na alefu, alefu mem nun, ni ukoo wa maneno ya uthabiti na uaminifu. Kwa hiyo hapo mtumishi kateleza, kufanana kwa sauti tu hakuyafanyi maneno kuwa ndugu.

Halafu yamin ina maana ya pili ambayo kwenye magrupu huwa haifiki, ni KUSINI. Waebrania wa zamani wakitaja pande za dunia walijipanga kama mtu anaangalia jua linapochomoza. Mbele ndo mashariki, bahari iko nyuma ndo magharibi, mkono wa kuume unaangukia kusini, wa kushoto kaskazini. Soma Zaburi 89:12, Biblia yetu imeandika kaskazini na kusini, ila kwenye Kiebrania hiyo kusini ni yamin ileile. Mwanzo 14:15 nako Hoba iko "kushoto" kwa Dameski, maana yake kaskazini yake. Ndo maana Rashi, yule mfafanuzi wa Torati wa Ufaransa aliyefariki 1105, alisema Benyamini ni kama "mwana wa kusini", kwa sababu ni yeye peke yake kati ya wana wa Yakobo aliyezaliwa Kanaani, na Kanaani iko kusini ukiwa unatokea Padan-aramu, kule walikozaliwa wenzake.

Na usisahau jina lilivyopatikana, Mwanzo 35. Raheli anajifungua njiani kwenda Efrathi, anakata roho, anamwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo ndo akabadilisha akamwita Benyamini. Mzee alikuwa anamtoa mtoto kwenye jina la msiba. Habari ya mtoto ashike kijiko kwa mkono gani haimo mule ndani.

Mama Nuru
Hapo kwa Benoni mi nilisikia inaweza kuwa pia "mwana wa nguvu zangu", ni kweli au stori za mitandaoni?

Mwanachuo wa Torati
Dada ni kweli herufi zinaruhusu. Mwanzo 49:3 Yakobo anamwita Reubeni mwanzo wa nguvu zake, neno ni oni hilohilo. Ila kwa mama anayekata roho wengi wanachukua uchungu, na mi naona ndivyo.

Mlinzi wa Lango
Jamani msimpoteze huyu ndugu. Mkono wa kuume kwenye neno la Mungu una uzito, hilo halina mjadala. Kutoka 15:6 mkono wa kuume wa Bwana umemvunja adui. Zaburi 110 uketi mkono wangu wa kuume. Mathayo 25 kondoo kuume mbuzi kushoto. Mhubiri 10:2 moyo wa mwenye hekima uko kuume, wa mpumbavu kushoto. Yakobo mwenyewe alipishanisha mikono ili wa kuume umwangukie mjukuu wake Efraimu. Bibi hajakosea kuona kuna kitu pale, mnataka mtu mzima aonekane mjinga

Mjukuu wa Ehudi
Mlinzi nakuheshimu ila mistari yote hiyo inasema heshima ya upande, hakuna hata mmoja uliosema mashoto amelaaniwa. Na we mleta uzi dawa yako iko Waamuzi 3, nashangaa hakuna aliyeitaja.

Israeli wako chini ya Egloni mfalme wa Moabu miaka 18, wanalia, Mungu anawainulia mwokozi. Nani? Ehudi mwana wa Gera, MBENYAMINI, mtu mwenye shoto. Yani huyo anatoka kabila la mwana wa mkono wa kuume na Mungu kamchagua na shoto yake. Na shoto ndo iliyofanya kazi. Upanga wa makali kuwili kaufunga paja la kuume ndani ya nguo, kwa sababu anachomoa kwa kushoto, wakati mtu wa kulia upanga wake unakaa paja la kushoto na huko ndo macho ya walinzi yanapoenda. Akaingia na kodi akatoka Moabu haina mfalme, nchi ikatulia miaka 80.

Af nenda Waamuzi 20:16, kabila hilohilo wana mashujaa 700 wateule wote mashoto, wanarusha jiwe kwa teo wanalenga unywele hawakosi. 1 Nyakati 12 tena, Wabenyamini wanaotumia kuume na kushoto kote. Kwa hiyo kama kuna jina kwenye Biblia linaloendana na mashoto ni la mwanao, mwambie bibi.

Mwanachuo wa Torati
Umenikumbusha kitu mkuu. Kiebrania cha pale hakisemi "mwenye shoto" moja kwa moja, kinasema mtu aliyefungwa mkono wake wa kuume, na neno ni yemino, yamin yake. Mwandishi anachezea jina la kabila kwa makusudi kabisa. Waliotafsiri kwa Kigiriki zamani wakaandika mtu anayetumia mikono yote miwili. Wengine wanadhani vijana wa Benyamini walikuwa wanafungwa mkono wa kuume utotoni ili wazoee kupigana kwa kushoto. Kama ni hivyo basi bibi kafunga mkono usio wenyewe 😄

Binti Chumbageni
Assalam alaykum. Mimi Kiebrania sijui ila hili neno huku kwetu Tanga tunalo, YAMINI. Kula yamini ni kuapa. Limekuja na Kiarabu, yamin kwa Kiarabu ni mkono wa kulia na pia kiapo. Kwenye Qurani Sura ya 56 kuna as-habul yamin, watu wa kuliani. Hata Yemeni wengi wanalieleza jina lake kwa kuume, na Sham (upande wa Siria) kwa kushoto, mtu akiangalia mashariki vilevile.

Sasa kaka, sisi tumelelewa kula na kupokea kwa kulia, ndo adabu na kwetu ni dini pia, na mdogo wangu ni mashoto. Marehemu bibi alimfundisha salamu, kula na kutoa kitu kwa kulia, taratibu, bila kamba wala kofi. Kalamu akamwachia. Leo anaandika hati nzuri kuliko sisi wote na harusini huwezi kujua kama ni mashoto. Nadhani hapo ndipo mnaweza kukutana na bi mkubwa, mpe la sahani na la kusalimia wageni, daftari libaki la mtoto.

Mlinzi wa Lango
Hata Isaya 62:8 Bwana ameapa kwa mkono wake wa kuume, kumbe ndo hiyo yamini. Nimepata kitu hapo.

Seremala Mashoto
Mi ni mashoto nina miaka 40 na kitu. Msichokijua nyie wa kulia ni kwamba mwalimu alinichapa hadi nikahamia kulia, nikawa naandika polepole nabaki nyuma darasa zima linanisubiri, nikaanza kuchukia shule. Randa nashika kwa kushoto mpaka leo. Mkuu nenda kwa mwalimu wewe mwenyewe, ongea naye kistaarabu, mwombe vitu viwili tu, asimchape kwa ajili ya mkono na amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto ili kiwiko kisigongane na jirani. Daftari alilaze kwa kuinamia kulia kidogo asifute wino na kiganja. Watu kama sisi ni karibu asilimia 10 ya binadamu, huyo mwalimu kila mwaka anao darasani.

Kiti cha Nyuma
Randa ya mashoto inauzwa wapi kwani

Seremala Mashoto
Randa ni ileile mkuu, unageuza mikono tu. Shida iko kwenye mkasi

Baba Ben wa Kihonda
Wakuu nimesoma zote, Mungu awabariki. Binti Chumbageni hilo la sahani na daftari nimempelekea wife kalipenda. Seremala kesho naenda shule. Sasa hiyo Waamuzi nani aiseme, mi au mke wangu au nimwombe mchungaji wetu?

Mama Nuru
Wewe usiseme. Binti yake aseme. Na asimwambie "mama umekosea", amwambie "mama tusomee Waamuzi 3 kwenye ibada ya jioni", asome kwa mdomo wake mwenyewe, akifika kwenye Mbenyamini mwenye shoto nyamazeni tu mumwache. Mama zetu hawa hawashindwi na mkwe ila Biblia yao wanaiheshimu. Mchungaji awe akiba, ukimwita mapema ataona umemshtaki.

Mjukuu wa Ehudi
Naunga mkono. Ila kama dogo atakuwepo mwambie bibi asiufike mstari wa 22, mle tumbo la Egloni linameza upanga mpaka mpini, usiku hatalala mtu.