Kurudi pwani kwa tanga: nakosea wapi?

Swali: Ndugu zangu, najifunza kuendesha mashua ndogo ya tanga hapa Kirumba, Mwanza. Asubuhi upepo wa nchi kavu hunitoa vizuri, lakini nikigeuza kurudi, tanga hupigapiga na mashua husimama.

Jibu: Hakuna tanga linaloelekea moja kwa moja upepo unakotoka. Inakupasa kubisha, yaani kwenda mshazari upande mmoja, kisha kugeuza omo (sehemu ya mbele ya mashua) na kwenda upande wa pili, hadi ufike. Usigeuze mashua ikiwa imepoteza mwendo, kwani itakwama.

Jibu: Naongezea: upepo wa ghafla ukikulaza, legeza kamba ya demani, yaani ile ya kuvutia na kulegezea tanga, papo hapo. Nakusihi, usiifunge kamwe, ishike mkononi.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nilikuwa nikiifunga.