Naomba ushauri: mapigo yanapanda, presha haijashuka, na tabibu anasema tuendelee kumwangalia mama

Muuguzi wa wodi ya wazazi
Ndugu wauguzi na wakunga, habari za kazi. Ninahudumu katika kituo cha afya kimoja hapa mkoani Dodoma, na ninaomba wenye uzoefu wanisaidie katika jambo lililotokea zamu ya usiku. Mama wa uzao wa pili alijifungua, akachomwa oksitosini (dawa ya kukaza kizazi) yuniti 10, kondo la nyuma likatoka lote, kizazi kikajikaza vizuri na damu kwenye pedi ilikuwa ya kawaida. Baadaye mapigo yake yalifika 108 kwa dakika, kisha 124, wakati presha ilikuwa 104 kwa 68, ambayo kwa mtu anayepitia fomu haraka haionekani kuwa na tatizo. Alikuwa hatulii kitandani, na zaidi ya mara moja aliniambia, "Nesi, nasikia kama nataka kwenda haja kubwa."

Nilimpigia tabibu wa zamu, akasema presha ni nzuri, nimwongezee dripu na niendelee kumwangalia. Sikuridhika, nikampigia mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, akaidhinisha rufaa, tukaomba usafiri wa dharura kwa namba 115. Mama na mtoto wako salama. Hata hivyo, baadhi ya wenzangu wanasema nilimruka tabibu, na kwamba kazi ya muuguzi ni kufuata maagizo. Je, ni dalili zipi zinatosha kumfanya muuguzi asiridhike na jibu la namna hiyo, na azungumze vipi bila kuvunja heshima kazini?

Mkunga mstaafu, Kondoa
Mwanangu, hongera kwa kazi. Mwanamke kijana mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi huku presha yake ikiwa bado imesimama, kwa sababu mishipa hujibana na moyo huenda mbio kufidia kilichopotea. Presha inaposhuka, mara nyingi umekwisha kuchelewa. Ndiyo maana tunagawanya mapigo kwa presha ya juu. Kwa mama wako, 124 kwa 104 inatupa karibu 1.2, na baada ya kujifungua, jibu likifika 0.9 halipaswi kuachwa bila kutafutiwa sababu.

Lakini kilichonishtua zaidi ni ile haja kubwa. Mama ambaye kizazi chake ni kigumu, damu ya nje ni kidogo, mapigo yanapanda na anasikia kusukumwa kwenye njia ya haja kubwa, mfikirie kwanza kuwa damu imevilia ndani, pembeni ya uke, mahali ambapo pedi haitakuonyesha chochote. Hakikisha kibofu ni kitupu, washa taa ya kutosha, umwombe ruhusa, umkague taratibu kwa macho na kwa kidole, na umuulize maumivu yako upande gani. Wengi humpa beseni na kuondoka. Maneno ya mgonjwa yaandikwe kwenye faili kama alivyoyasema, pamoja na saa.

Tabibu, Mpwapwa
Dada, naomba niseme kwa upande wetu pia. Usiku tabibu huwa mmoja kwa kituo kizima, na anapoambiwa kwa simu kwamba "mgonjwa hayuko vizuri, presha 104 kwa 68," hushika ile namba aliyoisikia. Ningependa kuambiwa, kwa mfano, hivi: "Mama amejifungua saa mbili zilizopita, mapigo yametoka 108 hadi 124, anapumua mara 26 kwa dakika, hatulii, nahofia anavuja damu ndani, naomba uje umwone sasa." Ombi liwe wazi. Nikikataa kuja, niulize mama afikie hali gani ndipo uniite tena, na uniambie kwamba unamjulisha mfawidhi. Ukifanya hivyo hujaniruka, kwa kuwa mimi mwenyewe nimesikia.

Jambo moja tusilipite: rufaa nayo ina hatari zake. Mama anayevuja damu asipandishwe gari bila mishipa miwili ya dripu na mhudumu wa kumsindikiza. Na kama kweli anavuja, asidi ya traneksami (dawa ya kupunguza kuvuja damu) gramu 1 itolewe taratibu kwenye mshipa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 3 kupita tangu kujifungua.

Mwalimu wa uuguzi, Dodoma mjini
Nakubaliana na tabibu kuhusu namna ya kutoa taarifa. Kuhusu "kufuata maagizo", muuguzi aliyesajiliwa anawajibika mwenyewe kwa huduma anayoitoa, na agizo la simu halimwondolei wajibu huo. Andika saa uliyopiga, uliyempigia, ulichosema na alichojibu, bila neno la kumlaumu.

Muuguzi wa wodi ya wazazi
Mama mkunga, shikamoo, na nawashukuru nyote. Upumuaji wake sikuutaja kwa tabibu, ingawa nilikuwa nimeupima. Nitamwomba mganga mfawidhi tukae pamoja na tabibu huyo tuandike viwango vya kuita msaada, tuvibandike wodini. Naomba kuuliza: kwa mapigo, tuanzie kiwango gani?

Mkunga mstaafu, Kondoa
Marahaba. Sisi tulianzia 110, au ongezeko lolote linaloendelea katika vipimo viwili vilivyofuatana. Pia muongeze mstari unaosema: muuguzi ana wasiwasi na mgonjwa, hata kama namba zote ni nzuri.