Naomba ushauri: joto mahususi la mchanganyiko wa maji na ethanoli

Wakuu, naombeni msaada, nimekwama. Nina gramu 100 za maji na gramu 100 za ethanoli. Nikipiga wastani wa joto mahususi (joto la kupandisha gramu moja kwa nyuzi moja) la maji, 4.18, na la ethanoli, 2.44, napata jouli 3.31 kwa gramu kwa kila nyuzi moja. Lakini nikipima kwa hita ndani ya kalorimita (chombo cha kupimia kiasi cha joto), jibu linakuja juu zaidi kila mara, kama 3.8 hivi.

Halafu kuna hili: nikimimina tu ethanoli kwenye maji, kipimajoto kinapanda kabla sijawasha hita! Nimejaribu kusubiri kipoe ndipo nianze, tofauti ikabaki palepale. Joto linalomezwa na kalorimita yenyewe nimeshalitoa.

Je, wastani haufai kwa vimiminika vinavyovutana namna hii? Na mvuke unaotoroka kifunikoni nauhesabuje?