Michoro ya vifungashio vya sabuni za mwani na karafuu

Muulizaji: Waungwana, nimepewa kazi ya kuchora vifungashio vya sabuni za mwani, karafuu na mchaichai zinazotengenezwa Unguja na Pemba. Mteja anataka kila aina iwe na picha yake, lakini zote zitambulike kuwa ni za nyumba moja. Nianzie wapi bila kurudia mlango wa kuchonga na jahazi?

Jibu la kwanza: Ndugu, itazame kanga, ambayo ina pindo linalozunguka, mji (yaani eneo la katikati lenye picha) na jina, yaani msemo ulioandikwa chini. Pindo likibaki lilelile kwenye sabuni zote, utabadilisha mji pekee. Karafuu ichore ikiwa tumba, kwa kuwa huchumwa kabla ya kuchanua. Ukichora ua lililofunguka, Mpemba atakucheka.

Jibu la pili: Mchoro ni nusu ya kazi. Sabuni isiyopikwa huendelea kupoteza maji kwa majuma kadhaa, kwa hiyo uzito upimwe baada ya kukauka ndipo uchapishwe. Isitoshe, gliserini iliyomo huvuta unyevu wa hewa, nao pwani haupungui, hivyo karatasi isiyo na kinga hulowa na wino huchuja. Jaribu kwanza kipande kimoja dukani kwa mwezi mzima.

Muulizaji: Nashukuru sana. Mwani nitauchora ukiwa umefungwa kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi, kama kina mama wa Paje wanavyoulima.