Naomba ushauri: kuwarekodi wachekeshaji safarini, Mombasa hadi Lamu

Assalamu alaikum ndugu zangu. Niko Malindi, kazi yangu ni kupiga video za harusi. Sasa kuna vijana wachekeshaji wanaotaka kuzunguka Pwani kwa basi, Mombasa, Kilifi, Malindi hadi Lamu, na wamekubali niwafuate na kamera nitengeneze filamu ya makala. Naipenda kazi hii kwa moyo wote.

Jukwaani sina wasiwasi. Kinachonishughulisha ni ndani ya basi, maana huko ndiko watu wanakojibishana, wanakoujaribu mzaha mpya ukakataa, wanakonuniana. Ngurumo ya injini na upepo wa madirishani vinameza sauti. Je, kila mmoja nimfunge maiki ndogo kwenye kola, au kinasa sauti kimoja katikati chatosha? Tutapanda basi la abiria, kwa hiyo wapo akina mama wasiotaka sura zao zionekane, na ni haki yao. Mnawaombaje ruhusa bila kuharibu mazungumzo?

Tukishapita Garsen kuna vizuizi vya polisi, na hapo kamera nitaizima. Mokowe tunaliacha basi, twavuka kwa boti.

Kibali cha Bodi ya Uainishaji wa Filamu nitakishughulikia mapema. Ila mkataba na wachekeshaji wenyewe unanitatiza: nikiuonyesha mzaha mzima, kesho watauzia watu nini? Aliyewahi kuandika makubaliano ya namna hii anielekeze tafadhali, hasa kuhusu mgao wa mapato.