Kinect ya zamani inaweza kupima maboksi?

Wakuu, nimepata Kinect ya Xbox 360 (kile kifaa cha kamera cha mashine ya gemu ya Microsoft) kwa bei ya kutupa, nataka niifunge juu ya meza ipime maboksi ya mizigo, urefu, upana na kimo. Sasa inajuaje umbali wakati ni kamera tu?

Jibu: Mkuu hiyo sio kamera tu, ndani kuna projekta ya leza ya infraredi inamwaga maelfu ya vidoti ambavyo macho hayavioni, halafu kamera ya pembeni inavisoma. Kitu kikisogea karibu vidoti vinahama upande, na kwa kuwa nafasi kati ya projekta na kamera inajulikana, ni hesabu ya pembetatu tu basi. Ufundi wa kampuni ya PrimeSense ya Israeli huo, Microsoft wakautoa sokoni 2010.

Jibu: Ya Xbox One ya 2013 ni habari nyingine kabisa, yenyewe inapima muda wa mwanga kwenda na kurudi. Mwanga unakata kama sentimita 30 kwa nanosekunde moja (sekunde moja ukiigawa mara bilioni), hebu fikiria!

Jibu: Usiifunge chini ya sentimita 80 toka kwenye boksi maana haioni karibu. Pia weka mbali na dirisha, jua lina infraredi kibao linameza vidoti vyote, na boksi lililofungwa nailoni inayong'aa litakupa matundu matundu kwenye picha.

Muuliza swali: Mmenisaidia sana wakuu. Adapta ya kuichomeka kwenye kompyuta ninayo, dirisha ndo kazi, ngoja nitafute pazia zito.