Kuoga kisha ya kupasuliwa pua: wenye walipitia hii njia, tupeane uzoefu

Ndugu zangu, niko Goma, Himbi. Leo ni siku ya tano tangu wanipasue ule ukuta wa katikati ya pua, kloazo, ulipinda toka utoto nikawa napumua na tundu moja tu. Meshi, vile vitambaa vya kuziba pua ndani, walizitoa kesho yake, iliuma lakini ikapita. Shida yangu sasa ni kuoga. Dokta alisema nisiinamishe kichwa, nisioge maji ya moto sana, nisipenge mafua, basi. Lakini kwetu hakuna dushi, maji inakuja na bidoni, tunaoga mu beseni, sasa mu beseni utaoga namna gani bila kuinama? Mwenye alipitia anieleze, hata kama ni jambo dogo.

— Mama wa Kadutu, Bukavu:
Pole sana yaya. Mie balinipasua mwaka jana. Beseni usiiweke chini, iweke juu ya meza ifike ku kiuno, simama wima, chota na kikombe, anzia mabegani kushuka. Uso niliupangusa na kitambaa chenye maji kidogo tu. Nywele sikuziosha wiki nzima, zilipojaa jasho ndiyo mudogo wangu akanikalisha ku kiti, nikalalia nyuma sawa vile mu saluni, yeye anamwaga maji ya vuguvugu polepole toka ku paji la uso kwenda nyuma, hakuna tone lilifika puani. Usione haya kuomba musaada, mie niliona haya siku tatu bure.

— Kijana wa Ndosho:
Kaka, mimi nilikosea, sitaki na wewe upitie pale. Siku ya nne nilijisikia mzima kabisa, asubuhi ilikuwa baridi, nikachemsha maji sana nikajifungia mu kachumba ka kuogea, mvuke ukajaa, sabuni ikaanguka nikainama kuiokota na damu ikaanza kutoka tundu zote mbili. Nilikaa kitako, kichwa juu, ile inashuka kooni naitema, mama akaniwekea barafu ku paji la uso. Ilipungua lakini tulienda kwa dokta ile ile saa. Akanieleza joto linapanua mishipa, ukiinama damu inasukuma kichwani, na kidonda bado kibichi. Tena akaniuliza nilikunywa dawa gani, kumbe nilijinunulia aspirini ku farmasi juu ya kichwa kuuma, na aspirini inazuia damu kuganda. Aliniachia parasetamoli peke yake.

— Mama wa Keshero:
Na vumbi watu wa Goma tusilisahau, hii ya mawe ya volkano inaingia kila mahali. Bwana yangu alipopasuliwa hakupanda moto (pikipiki) wiki mbili, akitoka anavaa barakoa, na jiko la makala (makaa) nililitoa nje kabisa. Pua tulikuwa tunaisafisha na seramu ya chumvi kama dokta alivyoonyesha, inalainisha yale magamba yanatoka yenyewe, usiyachokore na kidole. Lakini maji ya ziwa au ya robine (bomba) usiingize puani hivi hivi hata yakiwa meupe namna gani! Kama seramu imekwisha, chemsha maji vizuri, yaache yapoe, lita moja ni gramu 9 za chumvi. Chafya ikija fungua mdomo. Usiku mito miwili au mitatu, kichwa kikae juu. Na bidoni ya lita 20 waachie watoto wabebe, hata ukijiona una nguvu.

— Dada wa Nguba, Bukavu:
Mie nilikuwa na plasta ya nje tena. Ililowana siku ya tatu ikalegea, nikarudi wakabandika ingine. Toka pale naoga kuanzia shingo kushuka mpaka siku walipoitoa.

— Wa Himbi:
Aksanti sana mama zangu, kaka, dada. Jana usiku nililala na mito mitatu, asubuhi sikuona damu ku shuka. Na ziwani, nitarudi kuogelea lini?

— Kijana wa Ndosho:
Mimi dokta alinikataza mwezi muzima na zaidi, muulize wako siku ya kontrole.

— Wa Himbi:
Sawa. Jirani amenipa meza, mama anapasha maji kidogo tu. Nitawaambia ilikwenda namna gani.